Hapa Kwetu Haifiki

Assalaam aleikum wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wavuvi mlioacha nyavu mkaja kunisikiliza, na nyinyi wanafunzi mlioketi mkekani kwa sababu viti havikutosha. Sitowaweka hadi Magharibi.

Nimeambiwa nizungumze juu ya majanga makubwa ya hali ya hewa ambayo dunia imeyaona. Nimesomesha jiografia zaidi ya miaka thelathini katika mji huu, na kila mwaka, tukifika sura ya pepo na mvua, nilikuwa nikiuliza darasani: tufani yaweza kufika Mombasa? Watoto walijibu kwa sauti moja, "La mwalimu, hapa kwetu haifiki." Nami nikatia alama ya sahihi. Leo nimekuja kulitazama jibu lile upya, mbele yenu, kwa sababu nimekuja kuona kwamba maneno hayo yameua watu wengi kuliko upepo wenyewe.

Jibu lina ukweli ndani yake, na kwanza tuupe haki yake. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Maji ya juu yakifika nyuzi 26 na nusu hivi na kupita hapo, mvuke hupanda kwa wingi, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na dunia kwa kuzunguka kwake huipinda hewa hiyo mpaka ikaanza kwenda duara. Nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu sana karibu na ikweta, na sisi hapa tuko nyuzi 4 tu kusini yake. Ndiyo maana vimbunga vingi vya bahari yetu huzaliwa mbali mashariki, vikaipiga Mauritius, vikaipiga Bukini, yaani Madagaska kama mnavyoiita nyinyi vijana, vikaingia Msumbiji, nasi tukaachiwa mawimbi na mawingu.

Basi Unguja iko nyuzi ngapi? Sita. Ni mwendo wa jahazi wa siku moja au mbili ukiwa na upepo mzuri.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliingia Unguja. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa hajamaliza miaka miwili katika kiti cha enzi. Mwajua Aprili ni mwezi gani kwa mabaharia wetu: kaskazi imekwisha, kusi yaanza kushika, na majahazi ya Bara Arabu na Bara Hindi yamejaa bandarini yakingoja upepo wa kurudi kwao. Yalikutwa hapo hapo, yamefungwa nanga, yamepakia. Yalivunjwa na kurushwa ufukweni pamoja na merikebu za Seyyid mwenyewe. Meli iitwayo Glasgow aliyoiagiza baadaye kutoka Uingereza, ile iliyozamishwa kwa mizinga mbele ya mji mwaka 1896, ilikuwa ya kuziba pengo la merikebu zilizopotea siku ile.

Lakini hasara kubwa ilikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi ililala chini. Ni miti iliyopandwa kwa mikono ya watumwa, na hilo tusilipite kimya tunapohesabu mali iliyopotea. Mkarafuu si mhogo kwamba utapanda leo uvune mwakani, kwani huchukua miaka sita saba ndipo uanze kuzaa, na miaka mingi zaidi ndipo uzae sawasawa. Pemba haikuguswa sana. Karafuu ikapanda bei, watu wakaelekeza nguvu zao Pemba, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar zatoka kisiwa hicho. Upepo wa siku moja ulihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, na miaka mia na hamsini baadaye bado haujarudi.

Kisha watu wakasahau. Aprili 1952 kimbunga kikapiga Lindi, watu zaidi ya 30 wakafa, nao wakasahau tena. Mwezi Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaingia kisiwa cha Mafia tarehe 4 kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Wavuvi mliopo hapa mwakumbuka siku zile, mlivyovuta mashua juu mkakaa. Niliketi na vijana wawili pale gatini wakaniambia, "Mwalimu, serikali yatutia hofu bure, mambo haya ni ya Msumbiji." Hawakuwa wajinga. Walikuwa wakinijibu kama nilivyowafundisha.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, jimbo la Texas, katika mji wa kisiwani uitwao Galveston. Nimeuchagua kwa sababu wafanana na sisi kuliko mnavyodhani: kisiwa, bandari tajiri, biashara ya pamba, na mahali pa juu kabisa hapafiki mita 3 kutoka usawa wa bahari. Mkuu wa hali ya hewa pale aliitwa Isaac Cline. Mwaka 1891 alikuwa ameandika gazetini kwamba kufikiri tufani yaweza kuudhuru sana mji ule ni upuuzi, na wale waliokuwa wakitaka ukuta wa bahari wakakosa la kusema. Huyu alikuwa msomi, mtu wa kazi, na alikuwa akisema alichokiamini.

Septemba 1900 kimbunga kikapita Cuba. Wataalamu wa Cuba walikuwa wamezoea tufani kwa vizazi, wakisoma mawingu na mawimbi, na wakasema kinaelekea Texas. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imezuia simu za maandishi za Wacuba kuhusu tufani, ikiwaona watu wa kupiga kelele. Wamarekani wakasema kitapinda kuelekea mashariki. Tarehe 8 bahari ikainuka mita 4 na zaidi juu ya mji usiofika mita 3. Walikufa watu kama 8,000, wengine huhesabu zaidi. Mke wa Cline, aliyekuwa mja mzito, alikuwa miongoni mwao. Kila nikifika hapo nanyamaza kidogo, maana mtu yule hakulipia maneno yake peke yake. Baadaye mji ukajengewa ukuta wa mita 5, na ardhi yenyewe ikainuliwa kwa mchanga, nyumba baada ya nyumba. Mwaka 1915 tufani nyingine kali ikaja, na waliokufa mjini walikuwa wachache sana.

Turudi bahari yetu. Mwajua bamvua. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi maji yanavyojaa mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yakapanda mita 3 na zaidi juu ya yalipokupwa. Sasa chukueni bamvua ya usiku, mwezi mpevu, iongezeeni kimbunga kinachoyasukuma maji yote ya ghuba kuelekea kona moja isiyo na kina. Hayo ndiyo yaliyotokea usiku wa tarehe 12 Novemba 1970 katika ghuba ya Bengal, nchi ambayo leo ni Bangladesh na wakati huo ilikuwa Pakistani ya Mashariki. Kisiwa cha Bhola na vingine vya matope vilivyo jirani vikafunikwa na maji yaliyoinuka mita 6 na zaidi mahali pengine. Waliokufa hawakupungua 300,000. Chukueni watu wa Lamu, muongeze mji wa Malindi, na bado hamjafika.

Kinachoniuma ni kwamba redio ilisema. Watu wengi katika visiwa vile walikuwa wamesikia kwamba kimbunga chaja. Wachache sana walihama. Mwezi mmoja nyuma walikuwa wametangaziwa tufani nyingine, na ilipokuja haikuwa kitu. Mara hii tangazo halikuwaambia wafanye nini, waende wapi, na hata wangetaka kwenda, kwenda wapi? Nyumba za udongo, hakuna ghorofa, hakuna kilima.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi, hasa kina mama. Baada ya msiba ule, kuanzia 1972 na 1973, serikali mpya ya Bangladesh pamoja na Msalaba Mwekundu, ambao huko sasa waitwa Hilali Nyekundu, walianzisha mpango wa watu wa kujitolea kijijini. Si wataalamu. Ni mvuvi, mwalimu, muuza duka. Wakapewa bendera na vipaza sauti: bendera moja maana yake shikeni tahadhari, mbili hatari yakaribia, tatu ondokeni. Kijana hupanda baiskeli akapita uchochoroni akisema kwa lugha ya pale pale, kwa jina la mtu, "Mama fulani, chukua watoto, twende." Wakajenga ghorofa za zege juu ya nguzo, siku za kawaida ni shule, siku ya tufani ni kimbilio.

Haikufaulu mara moja. Aprili 1991 kimbunga kikali kiliua watu karibu 138,000, na waliokufa wengi mno walikuwa wanawake. Wengine walimngoja mume arudi awape ruhusa. Wengine hawakutaka kuchanganyika na wanaume wageni katika kimbilio. Wengine hawakutaka kumwacha mbuzi. Wakalitazama jambo hilo bila aibu: wakawaingiza wanawake katika kazi ya kutoa habari, wakatenga vyumba, wakafikiria na mifugo. Leo watu wa kujitolea ni zaidi ya 70,000 na nusu yao ni wanawake. Mwaka 2007 kimbunga Sidr kiliua kama 3,400, idadi nzito, lakini si laki. Mei 2020, corona ikiwa imeshika kila mahali, kilikuja Amphan. Bangladesh wakahamisha watu zaidi ya milioni 2, na waliokufa huko hawakufika 50.

Kutoka 300,000 hadi chini ya 50, katika ghuba ile ile, yenye bamvua ile ile, na nchi yao bado ni maskini. Mtu akiniambia kwamba mambo haya ni ya wenye pesa, namwonyesha Bangladesh.

Nasi tuna siku yetu moja ya kujivunia, ingawa si ya hali ya hewa. Desemba 26, 2004, Jumapili, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra liliinua tsunami. Ilivuka bahari nzima kwa saa kadhaa ikatufikia mchana. Ufuo wa Bamburi ulikuwa umefurika watu, siku ya pili ya Krismasi, nyote mwajua hali ya pale. Habari zilikuwa zimeshatoka kwenye televisheni, polisi wakaingia mchangani wakawatoa watu majini, wengine kwa kuwafokea. Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia, wimbi lile lile, walikufa karibu 300, wengi wao katika vijiji vya wavuvi huko Hafun ambako hakuna aliyewafikia na habari.

Mnaniambia: mwalimu, kwetu si vimbunga wala si tsunami, kwetu ni mvua. Kweli. Na mvua ndiyo tufani yetu.

Nitawasimulia Oktoba 1997. Tulikuwa nyumba ya mama, Kisauni, bondeni kidogo. Mvua ilianza kama vuli yoyote, kisha ikakataa kusimama. Siku ya tatu maji yalikuja kwa mlango wa nyuma, si wa mbele, yakitokea upande wa choo, na hapo mwajua ni maji ya namna gani. Mama akapanda kitandani na wajukuu wawili. Mimi nilikuwa najaribu kuinua kasha la mkangazi la marehemu baba, zito, nimesimama maji yakinifika kiunoni, mkaa na makaratasi na ndala zikielea pembeni yangu. Kasha likanishinda. Ndani yake mlikuwa na hati za nyumba, vyeti vyetu vya kuzaliwa, na daftari mbili za baba.

Baba alikuwa nahodha. Katika daftari zile, kwa herufi za Kiarabu, alikuwa akihesabu siku kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa mabaharia, kumi kwa kumi kama walivyohesabu wazee wa bahari, akaandika kaskazi imeingia siku gani, kusi imekaza siku gani, matlai yamechelewa, bahari imechafuka mahali fulani. Miaka ishirini na zaidi ya upepo wa pwani hii. Tulipolifungua kasha baada ya siku nne, wino ulikuwa umekimbia wote, kurasa zimekuwa rangi ya buluu moja, kama nguo iliyochuja. Hati za nyumba nilipata nakala. Daftari zile sikuzipata popote.

Ajabu ya wiki zile ni kwamba maji yalikuwa kila mahali, na mifereji ya majumbani mikavu. Tulinunua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, kwa bei ambayo mama hakuiamini. Barabara ya Nairobi ikakatika. Kipindupindu kikaingia nchini. Kaskazini mashariki, Garissa na kuendelea hadi Somalia, mbu waliozaliwa na maji yale walileta homa ya Bonde la Ufa, mifugo ikafa na watu wakafa. Wavuvi, nanyi mlipata yenu mwanzoni mwa 1998, pale bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka meupe kama mifupa. Zaidi ya nusu ya matumbawe hai ya pwani yetu yalikufa. Hilo halikupigiwa king'ora, kwa sababu lilitokea chini ya maji.

Je, tuliambiwa? Tuliambiwa. Wataalamu walikuwa wameona tangu katikati ya mwaka kwamba Bahari ya Pasifiki imepata joto, hali ambayo wavuvi wa Peru waliipa jina la El Niño, Mtoto, yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa huonekana karibu na Krismasi. Na bahari yetu nayo ilikuwa na mizani yake: upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko upande wa Sumatra, mvua huhamia kwetu. Hali hii wanasayansi waliieleza vizuri mwaka 1999, lakini wazee wenu waliiona mwaka 1961, baada ya ukame mkali, mto Tana ukafurika na ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita moja. Zikaitwa mvua za Uhuru. Ikaja tena 2019. Mwaka 1961, 1997, 2019: mtu aliyezaliwa hapa mjini kabla ya 1961 amekwisha kuiona mara tatu kwa macho yake, na bado mjukuu wake akijenga bondeni humwambia, hapa maji hayafiki.

Katika haya, mtaro wa mtaani hutupa kazi mara mbili. Maji ya mvua hushuka baharini kupitia mitaro, na bamvua ikiwa imejaa bahari husukuma kurudi juu. Mvua ya saa mbili maji yakiwa yamepwa si sawa na mvua hiyo hiyo bamvua imejaa. Tangazo la redio laweza kutaja mvua kubwa, lakini halitaji bamvua ya mtaa wenu. Hilo mwalijua nyinyi wavuvi. Kwa hivyo habari kamili haiko ofisini peke yake. Nusu iko kwenu, na hadi nusu hizi mbili zikutane hatuna habari kamili.

Ukame nitaugusa kwa ufupi, kwa sababu wahitaji mkutano wake. Kumbukeni tu 2011. Wataalamu walianza kusema mwaka 2010 kwamba mvua zitakosa. Somalia ilitangaziwa njaa Julai 2011, na msaada mkubwa ukaja baada ya tangazo, meli zikapakua Kilindini huku hamali wetu wakibeba magunia usiku na mchana. Walikufa watu karibu 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Habari ilitangulia karibu mwaka mzima.

Basi nifike nililowaitia. Nimenunua makopo mawili ya rangi nyekundu. Nataka kila nyumba, kila msikiti, kila duka la Kisauni na Majengo na hapa Mji wa Kale ambalo mwenyewe anakumbuka maji ya 1997, au ya mwaka mwingine wowote, atuonyeshe yalipofika, tupige mstari na kuandika mwaka. Wenye nyumba za kupanga, najua mwaogopa mpangaji atakimbia. Na akimbie akijua, kuliko akae bila kujua.

Pia kuna daftari mlangoni, kubwa, la jalada gumu. Ni la kuandika upepo na maji. Nawaomba wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1961 waketi pale mezani na wanafunzi hawa kabla hawajaenda. Wao waseme, watoto waandike. Wanafunzi, andikeni kwa kalamu ya risasi. Wino hukimbia, risasi haikimbii maji. Mkimaliza, kila ukurasa upigwe picha kwa simu, na nakala zikae katika nyumba tatu tofauti, na moja kati yake iwe ya ghorofani.

Kesho baada ya Alfajiri twaanza na nyumba ya mama. Mstari wangu naujua ulipo, ni hapa, juu kidogo ya mfupa wa nyonga.